UZI: Mpigaji akirudi nyuma kuelekea nyumbani, auti au si auti? (Mechi ya softboli ya Jumamosi, Kisumu)

Mwamuzi_Kondele

Habari za jioni wadau. Naleta hii hapa kabla haijaharibika zaidi kule kwenye kikundi cha WhatsApp, maana kule kila mtu anatuma sauti za dakika nne akiwa ndani ya matatu na hakuna anayesikia la mwenzake.

Jumamosi tulikuwa na mechi ya kirafiki ya akina dada, wenyeji dhidi ya wageni kutoka Kakamega. Awamu ya sita, auti moja (mchezaji mmoja ameshatolewa, wakifika watatu zamu yao ya kupiga inaisha), wageni wako nyuma kwa pointi moja, wana mkimbiaji besi ya tatu. Mpigaji anagonga mpira wa chini kuelekea besi ya kwanza. Mlinzi anauokota hatua chache mbele ya besi, upande wa nyumbani (pale kwenye pleti mpigaji anaposimama kupiga), anageuka na kumngoja mpigaji palepale kwenye mstari. Mpigaji anaona hapiti. Anasimama. Halafu anaanza kurudi kinyumenyume kuelekea nyumbani, mlinzi anamfuata polepole mpira ukiwa ndani ya glavu, wanaangaliana. Watu wanacheka. Yule wa besi ya tatu kuona hivyo akachomoka, akateleza nyumbani, vumbi likatimka.

Mimi nilikuwa mwamuzi wa pleti. Nikainua mikono: mpira umekufa (mchezo usimame), mpigaji auti, mkimbiaji arudi besi ya tatu. Pointi hakuna. Kocha wa wageni akanijia na simu mkononi, ananionyesha video ya mchezaji wa Marekani aliyefanya kitu hichohicho na pointi ikahesabiwa.

Uamuzi wenyewe nina uhakika nao. Ninachotaka ni tuzungumze juu ya sheria hizi za kukimbia besi ambazo zinawachanganya watu waliozoea besiboli ya kwenye simu, au raunda ya shuleni. Semeni zinazowasumbua kwenye viwanja vyenu, kabla ya mechi za Nakuru.

---

Kijana_wa_Njoro

Wa kwanza! Niaje wasee.

Hiyo video naijua. Ni Javier Báez wa Chicago Cubs, wakicheza na Pirates kule Pittsburgh, tarehe 27 Mei 2021. Auti zilikuwa mbili, mwenzake Willson Contreras yuko besi ya pili. Báez akapiga wa chini, mpira ukarushwa besi ya kwanza ukamvuta mlinzi Will Craig kidogo kuelekea nyumbani. Badala ya Craig kurudi akanyage besi tu awamu iishe, akaanza kumkimbiza Báez kurudi nyumbani. Contreras akaja mbio kutoka ya pili, Craig akatupa kwa mdakaji, yule anayekaa nyuma ya pleti, amechelewa, Contreras salama. Na Báez mwenyewe akaonyesha ishara ya "salama" pale pale pleti kabla hajageuka kukimbilia besi ya kwanza. Mimi nililia machozi ya kicheko.

Sasa Mwamuzi, unataka kusema ile ilikuwa auti?

---

Madam_Glavu

Kijana, ile haikuwa auti kwa sababu ile ni besiboli. Besiboli inamruhusu mpigaji kurudi nyuma, mradi asitoke nje ya njia yake kukwepa kuguswa na asirudi mpaka akaifikia pleti yenyewe. Kwenye softboli kitabu kinasema wazi: mpigaji anayekimbilia besi ya kwanza akirudi nyuma kuelekea nyumbani ili akwepe au acheleweshe kuguswa na mpira, ni auti. Mpira unakufa palepale na wakimbiaji wengine wanarudi kwenye besi ya mwisho waliyoigusa kihalali wakati kosa linatendeka.

Angalieni maneno mawili hapo. "Kurudi." Kusimama si kosa. Anaweza kusimama wima akamtazama mlinzi mpaka mlinzi achoke aje amguse. Hatua ya nyuma ndiyo inayomuua. Na sheria hii ni ya safari ya nyumbani hadi besi ya kwanza peke yake. Aliyenaswa kati ya ya kwanza na ya pili, au kati ya ya tatu na nyumbani, arudi mbele na nyuma mpaka jua lizame, ruhusa anayo.

---

KochaMgeni

Nimeambiwa natajwa huku. Salamu zenu, mulembe.

Kwanza nieleweke, sikumtukana mtu. Nilionyesha video tu. Pili, Madam, tukubali sheria iko hivyo. Lakini umesema "wakati kosa linatendeka". Mkimbiaji wangu alikuwa ameshafika nyumbani kabla mpigaji hajaguswa. Kwa nini arudishwe?

---

Mwamuzi_Kondele

Kocha karibu, na salamu zako nimezipokea.

Kosa si kuguswa. Kosa ni ile hatua ya kwanza ya kurudi nyuma, na hapo ndipo ninapopima. Mchezaji wako alipoanza kurudi, wa besi ya tatu alikuwa bado ananing'inia mita mbili au tatu kutoka besi, anatazama. Alichomoka *baada* ya kuona mwenzake anavuta mlinzi. Kwa hiyo besi ya mwisho aliyoigusa wakati huo ni ya tatu. Angekuwa amechomoka mpira ulipogongwa, akakanyaga pleti, halafu ndipo mwenzake arudi nyuma, ningemhesabia pointi, kwa sababu ilikuwa auti ya pili tu. Ingekuwa ya tatu, hata hilo lisingewezekana: auti ya tatu ikimpata mpigaji kabla ya kugusa besi ya kwanza, hakuna pointi.

Mwenzangu wa besi tuliulizana kwanza kabla sijakujibu, uliona.

---

KochaMgeni

Niliona mkinong'ona, nikadhani mnapanga chakula cha mchana.

Sawa. Na nikitaka kuandika malalamiko rasmi?

---

Mwamuzi_Kondele

Malalamiko ya tafsiri ya sheria yanatangazwa kabla mpira unaofuata haujarushwa. Wewe uliweka simu mfukoni ukasema "haya tuendelee". Na kama ungelalamikia macho yangu, yaani kwamba alirudi au hakurudi, hilo halina malalamiko kabisa, hata uje na wakili.

---

Jaduong'_BesiTatu

Vijana, mmefanya vizuri kuleta hoja hii. Nimefundisha michezo shuleni hadi nikastaafu na nimeona watoto wakitoka raunda kuingia softboli, kwa hiyo niruhusuni niseme kwa kirefu. Anayeharakisha aruke.

Softboli ilizaliwa ndani ya ukumbi, Chicago, mwaka 1887. George Hancock ndiye anayetajwa. Tangu mwanzo ni mchezo wa nafasi finyu. Leo kutoka besi hadi besi ni futi 60, yaani mita 18.29, wakati besiboli ni mita 27.43. Mrushaji wa kike anasimama mita 13.11 tu kutoka kwa mpigaji. Mkimbiaji mwepesi anamaliza safari ya besi ya kwanza kwa kama sekunde tatu. Mlinzi akiupapasa mpira mara moja, kazi imeisha.

Sasa weka kwenye nafasi hiyo ruhusa zote za besiboli. Mkimbiaji aachie besi mapema anavyotaka, acheze katikati ya njia, mpigaji arudi nyuma kuvuta walinzi. Hakuna mlinzi duniani angeweza kumtoa mtu. Kwa maoni yangu ndiyo maana softboli imemfunga mkimbiaji kamba kadhaa ambazo besiboli haina. Asiondoke besi mpaka mpira utoke mkononi mwa mrushaji. Mrushaji akiwa na mpira ndani ya duara lililochorwa pale anaporushia, mkimbiaji asisitesite. Akielekea besi ya kwanza, asirudi. Mimi nazisoma zote tatu kama sheria moja yenye sura tatu.

Kitabu hakitoi sababu, hayo ni yangu. Lakini wachezaji wangu waliacha kubishana nilipowaeleza hivyo.

---

Vumbi_la_Nakuru

Jaduong' asante. Hiyo ya duara ndiyo iliyoniletea mimi hapa. Kwetu inavuruga mechi kuliko kitu kingine chochote. Nieleze inavyotokea halafu mnisaidie kuwashawishi makocha.

Mpigaji anapewa besi kwa mipira minne mibaya. Mkimbiaji yuko besi ya tatu. Mdakaji anamrudishia mrushaji mpira, mrushaji amesimama katikati ya duara, raha mustarehe. Mpigaji anafika besi ya kwanza kwa mwendo wa kawaida, halafu ghafla, bila kusimama, anakata kona na kutimua mbio kwenda ya pili. Lengo ni mrushaji ashtuke atupe mpira ya pili, na yule wa tatu aje nyumbani. Sasa makocha wa ulinzi wanapiga kelele: "Duara! Duara! Auti!"

Mimi nasema si auti. Niko sawa?

---

Madam_Glavu

Uko sawa kabisa. Besi ya bure inachukuliwa kama mpira uliogongwa. Maadamu hakusimama pale besi ya kwanza, ana haki ya kuendelea kwenda ya pili. Akishapita kona akasimama, hapo saa inaanza: amesimama mara moja, achague *mara moja*, mbele au nyuma. Akishachagua hageuzi nia.

Wanaokosea ni wa besi ya tatu. Sheria ya duara inaanza kufanya kazi mpigaji anapogusa besi ya kwanza, au akitolewa kabla ya hapo. Mpaka wakati huo wa tatu anaweza kucheza-cheza kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mpigaji akishakanyaga ya kwanza na mrushaji ana mpira ndani ya duara, wa tatu aliye nje ya besi ana nafasi hiyohiyo ya kuchagua upesi. Na kama yuko juu ya besi, haondoki. Akiinua mguu tu bila mrushaji kufanya lolote, mpira umekufa na yeye ni auti.

---

Kijana_wa_Njoro

"Bila mrushaji kufanya lolote" maana yake? Akikohoa?

---

Madam_Glavu

Akikohoa hapana. Akitoka kwenye duara, akiangusha mpira, au akifanya jaribio la kumtoa mkimbiaji, wakimbiaji wanafunguliwa. Na kuinua mkono kutishia kurusha ni jaribio, hata asiporusha. Hapa ndipo warushaji wengi wanajiponza. Anamtishia wa tatu kwa mkono, wa tatu anaruka njia nyingine, halafu ulinzi mzima unadai auti. Mlimfungulia wenyewe!

Kumtazama kwa macho makali si jaribio. Mtazame mpaka macho yatoke.

---

Jaduong'_BesiTatu

Waliocheza raunda wasiogope hii, wanaijua tayari. Kwenye raunda mrushaji akiwa na mpira ndani ya mraba wake, aliye kwenye nguzo haondoki, na aliye katikati ya nguzo anaruhusiwa kufika inayofuata tu. Nikifundisha nilikuwa naanzia hapo. Tofauti ni kwamba softboli inampa wa katikati chaguo la kurudi, raunda haimpi.

Kitu cha kusahau kutoka raunda ni kukimbia na kigongo. Kila mwaka kuna mtoto anayefika besi ya pili amekibeba.

---

mtumiaji mpya: LeftHander_Ksm

Samahani kuingilia, kuna mtu anauza glavu ya anayerusha kwa mkono wa kushoto? Niko Nyalenda.

---

Mwamuzi_Kondele

@LeftHander_Ksm fungua uzi wako kule kwa vifaa. Na ukipata nijulishe, kuna binti hapa anadaka kwa glavu iliyogeuzwa.

---

Vumbi_la_Nakuru

Niongeze lingine lililotokea kwetu. Mkimbiaji amesimama besi ya pili, miguu yote miwili juu ya besi. Mpigaji anagonga mpira mkali wa chini, unampiga yule mkimbiaji kwenye kifundo. Mtazamaji mmoja, mtu mzima, anaruka ukuta mdogo kuja kunieleza ni auti, "mpira umemgusa mkimbiaji!"

---

Kijana_wa_Njoro

Si ni auti kweli? Nilisoma mkimbiaji akiguswa na mpira uliogongwa kabla haujampita mlinzi ni auti, hata akiwa kwenye besi.

---

Vumbi_la_Nakuru

Ulisoma besiboli. Huko hata akiwa juu ya besi ni auti, isipokuwa ule wakati mwamuzi ametangaza mpira wa juu wa ndani (uliopaa juu ya walinzi wa ndani, mpigaji ni auti hata usipodakwa). Kwenye softboli aliye kwenye besi halali yake si auti, ila akiuzuia mpira kwa makusudi. Aondoke wapi jamani? Mrushaji ndiyo kwanza ameachia mpira, na tumeshamwambia asiondoke kabla ya hapo.

Nje ya besi ni habari nyingine. Akiwa nje ya besi, mpira haujampita mlinzi, haujaguswa na mtu, ukimpiga ni auti, mpira umekufa, na mpigaji anapewa besi ya kwanza.

---

BusiaMpakani

Nafuatilia kimyakimya. Swali dogo: hiyo ya kuondoka mapema mnaionaje mkiwa waamuzi wawili tu? Huku kwetu mara nyingi tuko wawili, siku nyingine mmoja na filimbi.

---

Mwamuzi_Kondele

Filimbi acha kwa mpira wa miguu.

Mkiwa wawili, wa besi asimame mahali ambapo mkono wa mrushaji na mguu wa mkimbiaji vinaingia kwenye jicho moja. Usimtazame mrushaji halafu ugeuke kwa mkimbiaji, ukigeuka umechelewa. Mguu ukitoka kabla ya mpira: "mpira umekufa, si mrusho", mkimbiaji auti. Hata kama mpigaji ameupeleka mpira ng'ambo ya ua, haupo. Hiyo inauma, najua. Wakimbiaji wakiwa wawili, besi ya kwanza na ya tatu, wa pleti anachukua wa tatu kadiri anavyoweza, ingawa kusema kweli ana kazi ya kutosha mbele yake.

---

BusiaMpakani

Nimeelewa. Na mkienda awamu ya nane mkiwa sare, yule mkimbiaji anayewekwa besi ya pili kabla awamu haijaanza anatoka wapi?

---

Madam_Glavu

Ni yule ambaye zamu yake ya kupiga ndiyo ya mwisho katika awamu hiyo. Kama anayeanza kupiga ni nambari 4, besi ya pili anakaa nambari 3. Kocha hachagui mwenye mbio.

---

KochaMgeni

Mimi bado nipo, msidhani nimekimbia. Niulize kuhusu besi ya machungwa. Jumamosi mlitoa mchezaji wangu mwingine, awamu ya pili, mkasema amekanyaga nyeupe. Si nyeupe ndiyo besi?

---

Mwamuzi_Kondele

Kwa wasioijua: besi ya kwanza kwenye softboli ni pacha. Nusu nyeupe iko ndani ya uwanja, nusu ya machungwa iko nje ya mstari. Mlinzi anatumia nyeupe, mpigaji anayekimbia anatumia machungwa, ili wasigongane mabega na vifundo. Kukiwa na jaribio la kumtoa pale, mpigaji akakanyaga nyeupe peke yake, anahesabiwa ameikosa besi. Lakini hatolewi mpaka ulinzi ukate rufaa kabla hajairudia. Jumamosi ulinzi ulikata rufaa. Wangenyamaza, ningenyamaza.

Akishapita salama, machungwa imekufa kwake. Anarudi kwenye nyeupe, anaondokea nyeupe, na akingoja mpira wa juu udakwe ndipo akimbie, anangojea kwenye nyeupe. Akipiga mpira wa mbali usio na jaribio lolote pale besi ya kwanza, akate kona kwa rangi anayoipenda.

---

KochaMgeni

"Wangenyamaza, ningenyamaza." Yaani wewe unaona kosa na unanyamaza?

---

Jaduong'_BesiTatu

Kocha, hapo umegusa jambo ambalo wazazi wa wachezaji hawatawahi kumsamehe mwamuzi.

Mkimbiaji akiruka besi, mwamuzi anaona, anaweka moyoni, uso wake haubadiliki. Ni kazi ya ulinzi kuona na kudai. Ukitikisa kichwa, ukiitazama besi kwa sekunde moja zaidi, umeshausaidia upande mmoja. Hata nyumbani: mkimbiaji akiikosa pleti na mdakaji akamkosa mkimbiaji, mwamuzi hatoi ishara yoyote. Hasemi salama, hasemi auti. Ukimya wenyewe unawaambia wenye akili kuna kitu hakijaisha.

Kisa maarufu zaidi ni cha besiboli, tarehe 23 Septemba 1908, New York Giants na Chicago Cubs. Mwenzake amegonga mpira wa ushindi, pointi imeingia, watu wamevamia uwanja. Kijana anayeitwa Fred Merkle, aliyekuwa besi ya kwanza, akageukia njiani akakimbilia chumbani bila kugusa besi ya pili. Cubs wakadai. Merkle akahesabiwa auti kwa kulazimishwa (mpigaji anapokuja ya kwanza, yeye hana budi kwenda ya pili), pointi ikafutwa, mechi ikawa sare. Ilirudiwa mwisho wa msimu, Cubs wakashinda na kuchukua ubingwa wa ligi yao. Alikuwa na umri wa miaka 19, na jina la kijana huyo lilibaki na doa maisha yake yote kwa besi ambayo karibu kila mtu siku zile alikuwa haigusi.

---

Madam_Glavu

Nami nina cha softboli, na waamuzi tukisikilize vizuri.

Aprili 2008, chuo cha Western Oregon kinacheza na Central Washington, kule jimbo la Washington. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, Sara Tucholsky, ambaye hajawahi kupiga mpira ukavuka ua maishani mwake, anaupiga unavuka. Wenzake wawili wako kwenye besi. Kwa furaha anaipita besi ya kwanza bila kuigusa. Anagundua, anageuka arudi, goti linakatika. Anatambaa hadi besi ya kwanza, hawezi kusimama.

Mpira umevuka ua, hakuna wa kumtoa. Lakini waamuzi waliambia benchi: wenzake wakimgusa kumsaidia, ni auti. Mkimweka mbadala, pigo linahesabiwa la besi moja na pointi ni mbili za wale wengine. Hapo ndipo mpinzani, Mallory Holtman, akauliza: je, *sisi* tukimbeba? Hakuna sheria iliyokataza. Yeye na mwenzake Liz Wallace wakambeba, wakamshusha kwenye kila besi aguse kwa mguu usioumia, mpaka nyumbani. Western Oregon wakashinda 4 kwa 2.

Watu husimulia kwa ajili ya utu, na ni kweli. Mimi hukisimulia kwa sababu nyingine: baadaye ilionekana waamuzi walikosea. Kitabu chao kiliruhusu mbadala aingie amalizie besi zilizobaki, na pointi zote tatu zihesabiwe. Hakuna aliyefungua kitabu pale uwanjani.

---

KochaMgeni

Sasa Madam, na hapa wachezaji wangu wakimsukuma mwenzao arudi besi? Nina msaidizi pale besi ya tatu, akisisimka anawashika watu jezi.

---

Madam_Glavu

Mpira ukiwa hai, msaidizi akimshika mkimbiaji kumsimamisha au kumsukuma, mkimbiaji auti. Mfunge mikono huyo msaidizi. Kupongezana kwa viganja hakuna shida.

---

Vumbi_la_Nakuru

😂 Nakuru tunamjua. Alimkumbatia mkimbiaji kabla hajafika nyumbani.

---

Kijana_wa_Njoro

Basi nipeni la mwisho nilale, kesho nina darasa la asubuhi. Besi zote zimejaa. Mpigaji anaupeleka mpira ng'ambo ya ua. Wa besi ya kwanza anadhani umedakwa, anasimama kati ya ya kwanza na ya pili anangoja. Mpigaji amelewa furaha, anampita. Pointi ngapi?

---

Mwamuzi_Kondele

Auti zilikuwa ngapi?

---

Kijana_wa_Njoro

Kwani inabadilisha?

---

Mwamuzi_Kondele

Sana. Aliyempita mwenzake ndiye auti, si aliyepitwa. Kama auti zilikuwa sifuri au moja: mpigaji auti, wale watatu wanaendelea na safari yao, pointi tatu.

Kama zilikuwa mbili, mpigaji ni auti ya tatu sekunde ile anapompita. Alikuwa ameshagusa besi ya kwanza, kwa hiyo si auti ya kulazimishwa, na wanahesabiwa tu waliokuwa wameshakanyaga pleti kabla ya hapo. Inaweza kuwa mbili, moja, hata sifuri.

---

Kijana_wa_Njoro

Yaani mpira umevuka ua, besi zimejaa, na pointi sifuri?

---

Vumbi_la_Nakuru

Wa tatu akitembea akipunga watu mkono, ndiyo. Waambie wachezaji wako wa Njoro wakimbie.

---

BusiaMpakani

Na tukiwa wawili, nani anatazama wanaopitana na nani anatazama pleti?

---

Mwamuzi_Kondele

Wa besi anatazama wanaopitana na anapaza sauti palepale, "auti!", ili wa pleti ajue ni nani amegusa na nani bado. Wa pleti haondoi macho kwenye pleti hata uwanja ukiwaka moto. Nakuru tutafanya mazoezi ya hiyo kabla ya mechi ya kwanza. Vumbi, leta koni.

---

Vumbi_la_Nakuru

Koni ninazo nane. Besi ya machungwa ndiyo imechanika, aliye nayo nzima aje nayo.